Kodi ya Saba

Mwalimu Mbithe alisema "kodi"
na mama, aliyekuja kuniita nikateke maji,
akasimama mlangoni.
"Kodi ipi tena? Ya mwezi huu nimelipa."
Tukacheka. Mwalimu akamvutia kiti,
akabonyeza noti tatu kwa mkono mmoja:
do, mi, so.
"Hii ndiyo kodi, Mama Makokha. Hii haidaiwi."

Ukumbi wa kanisa, Kaloleni, nyuma ya nyumba za reli.
Kinanda cha stima chenye la moja iliyolegea,
pengo lake limekazwa kwa njiti za kiberiti.
Usiguse vyeusi, alisema. Kaa kwanza na vyeupe saba.
Shika kimoja, ruka kimoja, shika, ruka, shika.
Ukianzia do, kumekucha.
Ukianzia re, mkono ni uleule, vidole vilevile,
ila kuna mtu chumbani ameanza kununa.

Nikauliza nani kainunisha re.
"Hakuna. Tazama mi na fa walivyobanana,
hawana cheusi katikati. Ti na do vilevile.
Pale pembamba ndipo huzuni hupenyea.
Hukuichagua,
ulianza tu kuhesabu kutoka mlango mwingine."

Nyumbani tulikuwa watatu.
Mama chini, ameshikilia kila kitu.
Makokha katikati, yeye ndiye aliyeamua
kama siku ni ya kicheko au ya kununa.
Mimi juu, kama so, sina upande.
Kodi kamili: sufuria ndogo, vikombe vitatu.
Kisha Agosti akaja Khasandi kutoka Malava,
mtoto wa mama mdogo, tuliyemzika Jumamosi,
na sanduku la bati,
na kimya.

Wiki hiyohiyo Mwalimu akaongeza kidole cha nne.
Do, mi, so, ti.
"Hii sasa ni kodi ya saba."
Noti ni nne, nikabisha, saba imetoka wapi?
"Hesabu tangu chini, pamoja na wale uliowaruka.
Waliorukwa nao huhesabiwa."

Nilirudi nikihesabu.
Kwao, mama ni kifungua mimba;
mamake Khasandi, kitinda mimba, wa saba.
Katikati kuna watano,
wawili walizikwa kabla sijazaliwa.

Ti ukiibandika ubavuni mwa do, inauma kama jino.
Ipandishe juu, ipe nafasi,
inakuwa dirisha lililosahauliwa wazi.
Khasandi alilala kwenye godoro langu, mgongo kwa mgongo.
Sikumchukia. Sikumzoea.

Katika kodi zote saba za vyeupe
moja tu hudai namna ile:
so, ti, re, fa.
"Huyo ni mwenye nyumba," mama akasema
(siku hizi alikuwa akija mapema, akijifanya kapumzika).
"Tarehe tano, mguu mmoja ndani."
"Basi mlipe," Mwalimu akasema.
"Ti apande hatua moja, afike do.
Fa ashuke hatua moja, afike mi.
Ni hatua fupi zote mbili. Ndiyo maana hawana subira."

Alhamisi Khasandi alitufuata kubeba mtungi.
Akakaa pembeni juu ya mtungi wenyewe.
Nikaishika so, ti, re, fa, nikaikawiza,
nikaringa kidogo,
na stima ikapotea.

Kinanda kilikata roho katikati ya dai.
Giza. Lori likapiga honi Jogoo Road,
halikuwa katika ufunguo wetu.
Do ilikuwa vinywani mwetu sote
na hakuna aliyeitoa.
Ndipo pembeni, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Agosti,
Khasandi akaichukua fa
akashuka nayo
akaiweka kwenye mi.

Tukanyamaza.
Mama akapapasa mezani akitafuta kiberiti,
akapata boksi tupu,
akakumbuka njiti zimo kinandani.